Programu ya Kodi Isipouliza: Fomu 8621 kwa Wakazi wa Marekani Wenye Vipande vya Mifuko ya Nje

Programu nyingi za kodi zinazouzwa kwa mtu wa kawaida Marekani zimejengwa kufuata karatasi anazoletewa. Mwajiri anatuma W-2 ya mshahara, benki inatuma 1099 ya riba, wakala wa hisa anatuma 1099 ya gawio na mauzo. Wewe unajaza namba za kwenye karatasi, programu inapiga hesabu, unabonyeza kutuma, kazi imekwisha. Mfuko wa uwekezaji wa pamoja ulioko Nairobi au Dar es Salaam hautumi 1099. Kwa hiyo programu haina pa kuanzia, na haikuulizi. Mtu anamaliza ritani yake kwa moyo mweupe kabisa, akiamini ametaja kila kitu, kumbe kuna fomu inayodaiwa ambayo hata jina lake hajawahi kulisikia.

Katika dawati la elimu kwa walipakodi, swali hili tunalipokea zaidi kutoka kwa watu waangalifu. Wameshaona mahali fulani kwamba wanatakiwa kujaza Fomu 8621, fomu ya kuripoti vipande vya mifuko ya nje, wameitafuta ndani ya programu yao, hawakuiona, na sasa wanauliza: kama programu haina fomu hiyo, basi si lazima? Ni lazima. Anayetia sahihi chini ya ritani, akiapa kwamba ni kamili, ni mlipakodi mwenyewe. Kampuni iliyotengeneza programu haijaapa popote kwa niaba yake.

Tuanze na nani anahusika. Sheria inawagusa raia wa Marekani popote walipo, wenye green card, na wale ambao siku zao za kukaa nchini zimetosha kuwahesabu kama wakazi kwa ajili ya kodi. Mtu wa namna hiyo akiwa na fungu katika kampuni ya nje inayoitwa PFIC, anaingia. Kampuni ya nje ni PFIC endapo asilimia 75 au zaidi ya mapato yake ni ya kukaa tu, yaani riba, gawio, kodi ya pango na faida ya kuuza dhamana, au endapo angalau asilimia 50 ya mali zake ni za kuzalisha mapato ya aina hiyo. Ukitazama vipimo hivyo utaona kwamba mfuko wa pamoja, unaokusanya fedha za watu na kuziweka kwenye dhamana na hisa, hauna pa kukwepea. Kazi yake yote ndiyo hiyo. Mifuko inayouzwa kwenye masoko ya hisa ya Ulaya, hata ile inayofuata hisa za Marekani zenyewe, huangukia humohumo ikiwa imesajiliwa nje.

Hapa watu huogopa kupita kiasi, kwa hiyo niseme na upande wa pili. Hisa ulizonunua moja kwa moja za kampuni ya simu au ya saruji, inayofanya biashara yake kila siku, kwa kawaida si PFIC. Hati fungani ya serikali ni deni unaloidai serikali, si hisa ya kampuni. Akaunti ya akiba benki si PFIC. Hizi zote zina wajibu wake wa kuripotiwa, lakini si kwa Fomu 8621.

Sheria ya PFIC ilitungwa mwaka 1986, Bunge la Marekani lilipotaka kuwazuia matajiri kuficha faida ndani ya mifuko ya nje bila kulipa kodi mwaka hadi mwaka. Mwaka 2010 ukaongezwa wajibu wa kuripoti kila mwaka, hata kama hujauza wala hujapokea kitu. Sheria haikumlenga muuguzi anayetuma dola mia kila mwezi kwenye mfuko wa nyumbani kwa ajili ya ada za wadogo zake, lakini haikumtenga pia. Ndiyo maana naona ni muhimu aifahamu mapema, kabla akiba haijakua.

Kuna nafuu kwa wenye akiba ndogo. Kama thamani ya PFIC zako zote siku ya mwisho ya mwaka haizidi dola 25,000, au 50,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja, na mwaka huo hukuuza wala hukupata mgao uliozidi kiwango, na hukuchagua ile njia ya QEF nitakayoieleza, huhitaji kuripoti mwaka huo. Watu wengi hukumbuka namba ya dola wakasahau masharti mengine. Ukiuza vipande vyako kwa faida, hata kama ni vya dola elfu tatu, nafuu imeondoka.

Kwa nini fomu yenyewe ni nzito hadi kampuni za programu zinaikwepa? Kwa sababu kuna njia tatu za kutozwa, na njia usiyoichagua ndiyo mbaya kuliko zote. Usipochagua lolote, unatozwa kwa kifungu cha 1291 cha sheria ya kodi. Chukua mfano wa dada aliyenunua vipande mwanzoni mwa 2021 akaviuza mwishoni mwa 2024 kwa faida ya dola 6,000. Ingekuwa ni mfuko wa Marekani, faida hiyo ingekuwa ya muda mrefu, na kwa watu wengi wa kipato cha kati kiwango ni asilimia 15, yaani dola 900. Chini ya kifungu cha 1291 faida inagawanywa siku kwa siku katika miaka yote minne, takriban dola 1,500 kila mwaka. Fungu la 2024 linaongezwa kwenye mapato yake ya kawaida. Akiwa daraja la asilimia 22, ni dola 330. Mafungu matatu ya nyuma yanatozwa kiwango cha juu kabisa cha kila mwaka husika, ambacho kwa miaka hiyo ni asilimia 37, bila kujali yeye mwenyewe yuko daraja gani. Hiyo ni dola 1,665. Jumla ni 1,995, na juu yake inakuja riba ya kuchelewa kwa kila mwaka wa nyuma, kana kwamba alipaswa kulipa tangu wakati ule.

Mgao nao una kipimo chake. Unachukua wastani wa migao ya miaka mitatu iliyotangulia, unatafuta asilimia 125 yake, na kinachozidi hapo ndicho kinachoitwa mgao uliozidi. Kama wastani ulikuwa dola 400, mpaka ni 500. Ukipokea 900, dola 400 zinaingia kwenye ile hesabu ya kurudi nyuma. Mwaka wa kwanza wa kumiliki hakuna mgao uliozidi. Tahadhari iko kwa mifuko ya soko la fedha ambayo riba inaongezwa humohumo kila mwezi: fedha ambayo hukuitia mkononi bado inaweza kuhesabiwa kuwa umeipokea. Na kila fungu la vipande ulilonunua kwa tarehe yake lina hesabu yake peke yake. Mtu anayeweka fedha kila mwezi kwa miaka mitano ana mafungu sitini. Hapo ndipo utaelewa kwa nini programu ya bei nafuu haigusi kazi hii.

Njia ya pili ni QEF. Unakubali kutozwa kila mwaka sehemu yako ya mapato ya mfuko, ugawiwe usigawiwe, na faida ya mtaji inabaki faida ya mtaji. Ni njia ya haki, lakini inahitaji mfuko ukupe taarifa ya mwaka iliyoandaliwa kwa kanuni za kodi za Marekani. Mifuko inayohudumia wateja wa Afrika Mashariki haina sababu ya kuandaa taarifa hiyo, na bila taarifa njia imefungwa.

Njia ya tatu ni kupima thamani kila mwisho wa mwaka. Vipande vikipanda kutoka dola 30,000 hadi 32,000, hizo 2,000 unazitozwa mwaka huohuo kama mapato ya kawaida. Vikishuka, unaweza kuitoa hasara hiyo kwenye mapato, isizidi kiasi ulichokwisha kutozwa huko nyuma. Hakuna kiwango cha juu cha kulazimishwa wala riba ya miaka ya nyuma. Inaruhusiwa kwa hisa zinazouzwa kwenye soko linalotambulika, na kwa baadhi ya mifuko ya wazi inayotangaza thamani ya kipande na kukinunua tena kutoka kwa mteja kwa thamani hiyo, ikiwa inatimiza masharti ya kanuni. Kwa maoni yangu, mtu ambaye mfuko wake unakidhi masharti aitazame njia hii mwaka wa kwanza kabisa wa kumiliki. Uchaguzi hufanywa ndani ya ritani iliyotumwa kwa wakati, muda wa nyongeza ukijumuishwa. Anayegundua mwaka wa tano bado anaweza kuingia, lakini analipia kwanza faida iliyolimbikizwa kwa ile hesabu ngumu ya 1291.

Sasa tufike kwenye kutuma, maana ndipo watu wanapokwama. Fomu 8621 ni kiambatisho cha ritani. Haitumwi peke yake kama una wajibu wa kujaza ritani. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kutuma Fomu 1040, yaani ritani yenyewe, kwa mtandao, kisha kuiweka 8621 kwenye bahasha na kuituma nyuma yake. Bahasha hiyo ni karatasi iliyopotea njia.

Ukiwa na uwezo, tafuta mtayarishaji ambaye programu yake inaibeba fomu. Muulize waziwazi kabla hujamlipa ni PFIC ngapi ameshughulikia. Baadhi ya programu huruhusu kuambatisha faili la PDF kwenye ritani ya mtandaoni, na hilo nalo ulichunguze. Vituo vya bure vya VITA ni msaada mkubwa kwa ritani za kawaida, lakini kazi ya PFIC iko nje ya mipaka ya wahudumu wake.

Ikibaki karatasi, bado programu yako ina kazi. Jaza ndani yake kila kitu kingine. Pakua Fomu 8621 na maelekezo yake kutoka tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, jaza moja kwa kila mfuko, kwa dola. IRS haina kiwango rasmi kimoja cha kubadili fedha. Tumia kiwango kinachochapishwa, na ukitumie hichohicho bila kurukaruka. Mfuko usio na namba ya mlipakodi ya Marekani unaupa namba ya utambulisho uliyoitunga mwenyewe, herufi na tarakimu, na mwaka ujao unairudia ileile. Kisha peleka matokeo mahali pake kwenye ritani. Fungu la mwaka huu liingie kwenye mapato mengine katika Schedule 1, kiambatisho cha Fomu 1040. Kodi ya miaka ya nyuma inaongezwa kwenye mstari wa kodi wa Fomu 1040, ukiweka alama kwenye kisanduku na kuandika 1291TAX. Riba ina mstari wake katika Schedule 2. Programu ikikataa kupokea kiasi fulani, usikilazimishe kwenye mstari usio wake ili jumla tu ilingane; jaza mstari huo kwenye Fomu 1040 tupu iliyopakuliwa kutoka IRS.

Chapisha ritani nzima. Panga viambatisho kwa kufuata namba ya mfuatano iliyo kona ya juu kulia ya kila fomu. Weka nakala ya W-2. Tieni sahihi kwa wino, wote wawili kama ni ya wanandoa, kwa sababu ritani isiyo na sahihi inarudishwa. Anwani inategemea jimbo unaloishi na kama umeweka malipo ndani, kwa hiyo isome upya kila mwaka. Tuma kwa barua iliyosajiliwa au yenye uthibitisho, na utunze risiti: ritani iliyopigwa muhuri wa posta kabla ya tarehe ya mwisho huhesabiwa kuwa imefika kwa wakati, hata ikifunguliwa wiki kadhaa baadaye. Kama unadai marejesho, ya karatasi huchukua wiki sita au zaidi.

Ukiona 15 Aprili inakaribia na hesabu haijakaa sawa, jaza Fomu 4868. Inakupa hadi 15 Oktoba kuwasilisha, ila haikuongezei siku ya kulipa. Lipa makadirio yako Aprili. Adhabu ya kutowasilisha ni asilimia 5 ya kodi inayodaiwa kwa kila mwezi, hadi asilimia 25. Ya kuchelewa kulipa ni nusu asilimia kwa mwezi.

Na Fomu 8621 yenyewe? Haina faini yake maalumu, na hilo huwafanya watu waidharau. Lakini kwa kawaida IRS ina miaka mitatu ya kuikagua ritani, na fomu hii inapodaiwa bila kuwasilishwa, saa ya miaka hiyo haianzi kuhesabu. Kama huna sababu ya msingi, ritani nzima hubaki wazi, pamoja na mshahara na makato yako yote. Ukiwa nayo, hubaki wazi yale tu yanayohusu fomu hiyo.

Vipande hivyohivyo vinaweza kudaiwa kwenye Fomu 8938 ya mali za fedha zilizo nje, ambako utataja tu idadi ya Fomu 8621 ulizojaza bila kurudia maelezo yake. Akaunti za nje zikizidi jumla ya dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, kuna pia FBAR, taarifa ya akaunti za nje. Hiyo haiendi na ritani kabisa. Inatumwa kwa mtandao kwa FinCEN, ofisi ya Wizara ya Fedha ya Marekani inayopambana na uhalifu wa kifedha.

Aliyekwisha kutuma ritani za nyuma bila fomu anarekebisha kwa Fomu 1040-X, akiambatisha 8621 ya kila mwaka uliorukwa. Kabla ya kuanza, aombe kwa meneja wa mfuko taarifa kamili ya akaunti tangu siku ya kwanza: tarehe ya kila ununuzi, idadi ya vipande, bei, na kila mgao ulioongezwa. Taarifa hiyo huchukua muda kupatikana ukiwa mbali, na hakuna hesabu hata moja kati ya hizi inayoweza kufanyika bila hiyo.