Urithi wa jukwaani haumnyimi mchekeshaji sauti yake

Wengi huamini kwamba mwigizaji wa vichekesho anayetumia mbinu za zamani anaiga tu, na kwamba anayetaka kuwa yeye mwenyewe sharti aachane na mapokeo. Si kweli, na imani hiyo huwapotosha vijana wenye vipaji.

Mtazame Arlecchino, mtumishi mwenye njaa isiyoisha wa commedia dell'arte, sanaa ya maigizo ya vichekesho iliyoshamiri Italia tangu karne ya 16. Kinyago, mwendo na ulafi wake vyote ni vya kurithi. Lakini waigizaji wa sanaa hiyo hawakukaririshwa mazungumzo. Walipewa muhtasari wa kisa, mengine wakayabuni papo hapo.

Mwaka 1947 mwigizaji Marcello Moretti alianza kumwigiza Arlecchino katika Piccolo Teatro, ukumbi wa maigizo wa Milan, Italia. Mwanzoni alikikataa kinyago, akajipaka rangi usoni. Alipokubali kuvaa cha ngozi, uso ulifichika na mwili ukalazimika kusema: bega, shingo, kisigino. Ferruccio Soleri alipompokea miaka ya 1960, mhusika alikuwa yuleyule, ila uchezaji ulikuwa wake mwenyewe, na aliendelea nao hata alipovuka umri wa miaka 80.

Naye Dario Fo, mwandishi na mwigizaji wa tamthilia wa Italia, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 1997, alichota kwa wachekeshaji wa viwanjani wa zama za kati, akawasema wakubwa wa siku zake. Hata grammelot, ile mbinu yake ya kutoa sauti zinazofanana na lugha bila kuwa maneno, aliitoa kwa waliomtangulia. Hasira iliyomo ilikuwa yake.