Draivu ikigoma kusoma CD haimaanishi imekufa

Hii imani kwamba draivu ya DVD ikiacha kusoma ghafla basi "lenzi imekufa, nunua nyingine" imewatoa watu hela bure miaka na miaka, inaniuma kweli. Humo ndani kuna leza mbili, mwanga wa ile ya CD una urefu wa wimbi wa nanomita 780 na wa DVD ni 650, ndo maana draivu inaweza kusoma CD fresh kabisa halafu DVD ikazikataa, hapo mara nyingi leza moja imechoka, sio virusi. Kwa hiyo jaribu CD na DVD, tena za orijino, maana zile za kuburn rangi yake hufifia na mwanga unarudi hafifu.

Zikigoma zote, kwenye laptopu vuta trei ukione kale kajicho ka lenzi, kakiwa na vumbi futa taratibu na pamba yenye spiriti safi kidogo, usikandamize. Ila kama draivu imepotea kabisa kwenye Windows baada ya kutoa programu ya kuburn, lenzi haihusiki, shida ni UpperFilters na LowerFilters, yaani vipengele viwili vya mipangilio kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), zile za kundi la DVD/CD-ROM tu, weka bakapu kwanza, zifute, kisha uwashe upya.