Je, wajua kwa nini dirii ya povu la soli hudumu kuliko ya bati?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba ukitaka dirii, lile vazi la kukinga kifua la askari wa kale, isiharibike, utumie kitu kigumu. Vijana wa kanisani kwetu hapa Dodoma walipotaka kuigiza Daudi na Goliathi, niliwaelekeza kwenye bati: madebe ya mafuta yaliyokatwa na kunyooshwa. Dirii ilipendeza. Ikapasuka kabla ya siku ya igizo, tena si kifuani ilikochomwa kwa mikuki ya mbao. Ilikatika kwapani na kiunoni, mahali ambapo hakuna aliyepapiga.

Kosa hilo naliona kwa wengi, kwa hiyo nilieleze vizuri. Dirii ya vita na dirii ya igizo hazina adui mmoja. Ya vita inazuia chuma chenye ncha. Ya Goliathi, kwa mujibu wa Biblia, ilikuwa na uzani wa shekeli 5,000 za shaba, takriban kilo 57. Ya igizo adui yake ni mvaaji mwenyewe: anainama, anaketi, anainua mkono, anatoka jasho. Na hata wahunzi wa kale hawakutaka chuma chao kijikunje. Walipanga vibamba vidogo kama magamba ya samaki, au wakaunganisha mabamba makubwa kwa kanda za ngozi, ili kinachokunjika kiwe kiungo. Bati letu lilikuwa pande moja. Halikuwa na kiungo, basi lenyewe likafanywa kiungo.

Nenda kwenye jengo lolote linaloinuka, na hapa hayakosekani tangu Serikali ianze kuhamia mwaka 2016, umtazame fundi nondo asiye na koleo. Anaukunja waya wa kufungia huku na huku palepale mpaka unakatika. Ukikunja kitu, upande wa nje unavutwa na wa ndani unabanwa. Chuma laini kikivutika hata chini ya asilimia 1, hakirudi tena kilivyokuwa. Kila mkunjo unaacha kovu, chuma kinakakamaa, na kovu linageuka ufa.

Sasa chukua povu la yeboyebo, au la mikeka ya vipande wanayochezea watoto. Linaitwa EVA, na ndani yake mna vyumba vidogo mno vya hewa, kila kimoja kimezibwa pande zote. Fikiria gunia lililojaa maputo yaliyofungwa midomo. Ukilikalia yanabonyea, ukiinuka, hewa iliyokosa pa kutokea inayarudisha. Kuta za vyumba hivyo nazo zinavutika makumi ya asilimia bila kuchanika. Soli ya kandambili hukunjwa kila hatua, kutwa nzima, na kwa kawaida kinachotangulia kung'oka ni mkanda. Hilo bado linanifurahisha kila nikiona kandambili iliyofungwa kwa waya.

Si kila povu, lakini. Sponji ya godoro ina vyumba vyenye milango wazi: dondoshea maji, yakizama, jasho nalo litazama. Stairofomu, lile povu jeupe la kufungashia vyombo, humeguka punje punje, na rangi nyingi za kupuliza huiyeyusha. Ndoo ya plastiki haivunjiki upesi, ila gundi na rangi hubanduka juu yake. Labda uifunge kwa ribiti. Boksi linatosha kwa onyesho moja la kiangazi.

Kwa kifua tumia unene wa milimita 10 hivi, kwa mikono nusu yake. Paka gundi ya viatu pande zote mbili, nje penye hewa, subiri isishike kidole, ndipo ugandamize. Joto hulilainisha povu ulipinde na hukaza uso wake. Kisha pitisha gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa, mara tatu au nne, kabla ya rangi. Joto hilohilo laweza kulirudisha povu kwenye umbo lake la kwanza, kwa hiyo usiiache dirii ndani ya gari lililofungwa juani.

Goliathi wetu wa sasa huanguka kifudifudi kwenye sakafu ya saruji kila zoezi, kama ilivyoandikwa. Dirii inabonyea, inarudi. Tumeshapaka rangi upya begani mara mbili. Povu lenyewe hatujaligusa.