Maulizo yanayojengwa ndani ya funksheni za hifadhidata: dhana potofu na ukweli

Wakati mwingine funksheni haijui itasoma jedwali gani, au itapanga kwa safuwima ipi, hadi itakapoitwa. Hapo ulizo hujengwa kama maandishi, kisha hutekelezwa. Katika PL/pgSQL, lugha ya kuandikia funksheni za PostgreSQL, kazi hiyo hufanywa na amri ya EXECUTE, na imezungukwa na imani nyingi zisizo sahihi.

Dhana: Funksheni iliyo ndani ya hifadhidata haiwezi kupenyezewa SQL, yaani mtumiaji hawezi kuchomeka amri zake ndani ya ulizo.

Hii ndiyo hatari kuliko zote. Tazama mstari huu:

EXECUTE 'SELECT count(*) FROM wateja WHERE mji = ''' || p_mji || '''' INTO idadi;

Mtu akituma x' OR 'a'='a, atahesabiwa wateja wote. Wala si lazima awe na nia mbaya: neno lolote lenye ng', kama ng'ambo, linatosha kuvunja ulizo, kwa sababu alama ile inafunga maandishi kabla ya wakati wake. Seva haina namna ya kujua kipi uliandika wewe na kipi kimeletwa na mtumiaji, maana vimeshaunganishwa. Funksheni ikiwa imetangazwa SECURITY DEFINER, madhara huongezeka, kwani inatekelezwa kwa mamlaka ya mwenye funksheni, si ya aliyeiita. Dawa ni kuitenga data na maandishi ya ulizo:

EXECUTE 'SELECT count(*) FROM wateja WHERE mji = $1' INTO idadi USING p_mji;

Dhana: Basi USING inatosha kwa kila kitu.

USING hupokea thamani tu. Jina la jedwali au safuwima haliwezi kukaa mahali pa $1; hilo lipitishe kwenye format(), funksheni ya kujaza maandishi, kwa alama ya %I, inayoliandika kama jina:

EXECUTE format('SELECT count(*) FROM %I WHERE hali = $1', p_jedwali) INTO idadi USING p_hali;

Angalia herufi kubwa: kwa %I, Wateja na wateja ni majedwali mawili tofauti. Ukituma mauzo.wateja kwa pamoja, litachukuliwa kuwa jina moja lenye nukta katikati. Skima (kundi la majedwali, hapa mauzo) na jedwali viandikie %I.%I. Tena, %I hulinda muundo wa ulizo tu, haiulizi kama mwitaji anastahili kusoma jedwali alilolitaja. Mimi huweka orodha ya majina yanayoruhusiwa ndani ya funksheni yenyewe na kukataa mengine yote, hata pale inapoonekana ni kazi ya ziada.

Dhana: Maulizo ya aina hii ni ya polepole siku zote.

Ni kweli kwamba kila EXECUTE inapoitwa, seva huandaa upya mpango wa namna ya kutekeleza ulizo. Amri za kawaida za PL/pgSQL huweza kutumia tena mpango uliohifadhiwa katika kikao: baada ya kutekelezwa mara 5 kwa mipango mahususi (iliyoandaliwa kwa thamani husika), seva hupima kama mpango wa jumla, usiotegemea thamani, unafaa. Katika kitanzi cha maelfu ya maulizo madogo, gharama ya kupanga upya itaonekana. Lakini data ikiwa haijasambaa sawasawa, hali moja ina safu kumi na nyingine mamilioni, mpango mpya unaojua thamani halisi unaweza kuushinda ule wa jumla kwa mbali.

Dhana: Kila mfumo wa hifadhidata unaruhusu maulizo haya ndani ya funksheni.

MySQL hukubali PREPARE, amri yake ya kuandaa ulizo lililojengwa kama maandishi, ndani ya prosija zilizohifadhiwa, lakini huikataza katika funksheni na triga (amri zinazojiendesha data inapobadilika). SQL Server nayo hairuhusu katika funksheni. Oracle huruhusu, kwa EXECUTE IMMEDIATE.

Dhana: Baada ya EXECUTE, FOUND (kigezo cha PL/pgSQL cha ndiyo au hapana) itakuambia kama kuna safu iliyoguswa.

Katika PL/pgSQL, EXECUTE haibadilishi FOUND. Ukiiangalia baada ya UPDATE iliyojengwa hivi, unasoma jibu la amri ya awali, na funksheni itaendelea bila kutoa kosa lolote. Tumia GET DIAGNOSTICS n = ROW_COUNT, inayoweka idadi ya safu katika n, mara tu baada ya EXECUTE, kabla ya amri nyingine.