Je, Wajua? Pua Kubwa Kwenye Selfi Si Kosa la Lenzi

Jipige selfi simu ikiwa karibu na uso, kisha uilinganishe na picha yako ya studio. Kwenye selfi pua imetangulia mbele, masikio yamejificha nyuma ya mashavu. Kwenye picha ya studio kila kitu kiko mahali pake. Hukumu hutolewa papo hapo: lenzi ya simu ni mbovu, ya studio ni nzuri. Lakini lenzi inasingiziwa. Kilichobadili sura ni umbali kati ya kamera na uso.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme kutoka ncha ya pua hadi masikioni ni sentimita 12. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka puani, masikio yako sentimita 42, kwa hiyo pua inachorwa kwa kipimo kinachozidi cha masikio kwa asilimia 40. Kamera ikirudi nyuma hadi mita 3, pua iko sentimita 300 na masikio 312. Tofauti inabaki asilimia 4, na hakuna atakayeiona. Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani walichapisha hesabu ya namna hii: kwa umbali wa sentimita 30 hivi, pua huonekana pana zaidi kwa karibu asilimia 30, kwa mita moja na nusu, tofauti hiyo inatoweka. Mmoja wao, daktari wa upasuaji, alikuwa akionyeshwa selfi na wagonjwa waliotaka pua zao zipunguzwe. Wangeanza kwa kuisogeza simu mbali na kuikata picha baadaye, naona wengi wangeokoa fedha zao.

Asiyeamini afanye jaribio. Simama mahali pamoja, mpige mtu picha kwa lenzi ya milimita 24, inayoona eneo pana, kisha kwa ya milimita 100, inayoona eneo dogo, bila kusogea hata hatua. Sasa ikate ile ya kwanza ibaki sehemu ile tu iliyoonekana kwenye ya pili. Uwiano wa pua na masikio, wa mtu na mti ulio nyuma yake, utakuwa ule ule. Ya kwanza itakuwa na chengachenga zaidi kwa sababu imekatwa sana, basi.

Sasa lenzi ina kazi gani? Inakupangia pa kusimama. Zile milimita ni urefu wa fokasi, na ndizo zinazoamua kamera itaona eneo pana kiasi gani. Kwenye kamera yenye sensa (kile kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha) ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 24 huona nyuzi 84 kutoka kona hadi kona, ya 50 huona kama 47, na ya 200 huona 12 tu. Ukitaka kichwa na mabega vijaze picha iliyosimama, lenzi ya 24 itakulazimisha ufike sentimita 42 kutoka kwa mtu, umbali wa kusikia pumzi yake. Ya 85 itakuruhusu ubaki mita moja na nusu. Ndiyo maana wapiga picha za watu wanaipenda hiyo ya 85, na kamera kuu za simu, ambazo nyingi huona upana unaokaribia ule wa lenzi ya 24, zinatutia majaribuni kusogea karibu mno.

Siri hiyo hiyo ya umbali ndiyo iliyo nyuma ya picha za Mwezi mkubwa ajabu uliokaa nyuma ya mnara. Wengi hudhani zimetengenezwa kwa kompyuta, na nyingine kweli zimetengenezwa. Lakini inawezekana kuipata kwa haki. Mwezi huchukua kama nusu nyuzi ya anga, na hata ukitembea kilomita kadhaa haupungui. Mnara unapungua. Wenye urefu wa mita 30, ukiutazama kutoka mita 100, unachukua karibu nyuzi 17. Kutoka kilomita 3 unabaki na nyuzi 0.6 hivi, unakaribia kulingana na Mwezi. Lenzi ya milimita 600 inakuja mwisho, kukata yale yasiyotakiwa.

Kuna upotoshaji ambao lenzi inayoona eneo pana haiwezi kuukana. Ili mistari iliyonyooka ibaki imenyooka, inabidi ivute vitu vya pembeni. Katika picha ya kundi, aliyesimama mwisho wa mstari hunenepa bila kula.

Ukungu wa mandharinyuma una hesabu nyingine. Namba kama f/2 ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu la lenzi. Lenzi ya 85 kwenye f/1.8 ina tundu la milimita 47. Mwanga wa taa ndogo iliyo nyuma ya mtu huingia kupitia tundu lote hilo, na kwa kuwa fokasi iko kwa mtu, haukutani pamoja kwenye sensa. Unatapakaa na kuwa duara. Lenzi ya simu ina urefu halisi wa fokasi wa milimita chache tu, na tundu lake kwenye f/1.8 ni kama milimita 3 au 4, hivyo ukungu wake wa asili ni mdogo. Programu ndiyo inayochora ukungu uliobaki, na mara nyingi huumbuka kwenye nywele na miwani.

Yanabaki yale mambo ambayo wapenzi wa lenzi za zamani hubishana usiku kucha. Kila uso wa kioo kisichopakwa utando hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga. Vioo sita vilivyotengana vina nyuso 12, hivyo karibu asilimia 40 ya mwanga haipiti moja kwa moja. Sehemu yake huzurura ndani ya lenzi na kufifisha weusi wa picha. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alibuni utando wa kupunguza mwanga huo unaorudishwa, na lenzi zikaanza kutoa picha safi na kali. Leo wapo wanaotafuta makusudi lenzi zisizo na utando, kwa ajili ya ule weupe mwepesi unaofunika picha jua likiwa mbele ya kamera.