Kiti cha wadi na uraia: wanayosema watu, inayosema Katiba

Nchini Kenya, watu wengi huiacha ndoto ya kugombea uwakilishi wadi katika bunge la kaunti kwa sababu ya maneno ya mtaani tu, kabla hata hawajafika kwa IEBC, tume inayosimamia uchaguzi. Wengine nao hutumia akiba yote kwenye kampeni ambayo sheria imeshaifunga. Yote mawili huniuma, kwa kuwa Katiba yenyewe inaeleweka.

“Lazima uwe umezaliwa Kenya.”

Hapana. Raia wa kuzaliwa ni yule ambaye siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa raia wa Kenya, hata kama kitovu chake kilikatwa Kampala au London. Isitoshe, sharti la kuwa raia wa kuzaliwa amewekewa Rais. Kifungu cha 193, kinachomhusu mwakilishi wadi, hakilitaji kabisa, kwa hiyo aliyeandikishwa kuwa raia kwa ndoa au kwa ukaazi naye ana nafasi. Gavana hupimwa kwa kipimo hichohicho, kwani Kifungu cha 180 kinamtaka awe na sifa za kugombea kiti cha wadi.

“Mwenye uraia pacha asijisumbue.”

Kifungu cha 78 kinamkataza afisa wa serikali kuwa na uraia wa nchi mbili, na mwakilishi wadi ni mmoja wao. Lakini Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inaeleza kwamba aliyechaguliwa hataingia ofisini kabla ya kuukana rasmi uraia ule mwingine. Haisemi kwamba amepoteza haki ya kuchaguliwa. Anayesamehewa kuukana ni yule aliyepewa uraia na sheria za nchi nyingine bila njia ya kuukataa. Taratibu za kuukana zina foleni zake, na ningekuwa mgombea ningezianza mapema sana.

“Lazima uwe mkaazi wa wadi hiyo.”

Hapana. Katiba inataka uwe mpiga kura aliyesajiliwa, haitaji unakoishi. Mgombea huru huongezewa sharti la kuungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi anayoitaka.

“Ukishapata kitambulisho, chukua fomu.”

Hapa ndipo pana maumivu. Kifungu cha 193 kinamzuia yeyote ambaye hajawa raia kwa angalau miaka 10 mfululizo kabla ya siku ya uchaguzi. Miaka aliyoishi nchini bila uraia haimsaidii, hata ikiwa 60.

Wafikirie Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi waliokaa pwani vizazi kwa vizazi, ambao serikali iliwatambua mwaka 2023. Uchaguzi mkuu huja kila miaka 5. Aliyeandikishwa mwaka huo atakuwa na miaka 9 tu uchaguzi wa 2032 ukifika, kwa hiyo jina lake haliwezi kuwa kwenye karatasi ya kura hadi 2037. Kwangu hilo ni zito mno kwa watu walionyimwa uraia bila kosa lao.

Wamakonde wa Kwale walitambuliwa mapema zaidi, mwishoni mwa 2016, na vitambulisho vikafuata 2017. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Kwao kila kitu kitategemea tarehe iliyoandikwa kwenye cheti cha uraia: aliyeandikishwa kabla ya Agosti 10, 2017 atakuwa ametimiza miaka yake, na aliyeandikishwa baadaye atasubiri 2032.