Ushuru wa starehe Mombasa: dhana potofu na ukweli wake

Bando la data la shilingi 20, tikiti ya sinema Nyali, kiti kwenye kibanda cha mpira Kongowea na hela za kubetia Jumamosi: Mombasa vyote hivi huitwa starehe, na vyote vina mkono wa serikali ndani yake. Ila mkono huo haushiki kila mahali kwa nguvu moja. Kifungu cha 201 cha Katiba ya Kenya chasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Mabishano juu ya haki hiyo hayakosekani maskani wala barazani, lakini mengi husimama juu ya hesabu mbovu, na mwenye hesabu mbovu hushindwa hata anapodai haki yake ya kweli.

Dhana: Ushuru wa starehe humwangukia mwenye nacho

Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi, na ndiyo inayoumiza zaidi. Tuanze na simu, maana vijana wengi hutazama mpira, filamu na nyimbo humo.

Data hutozwa mara mbili. Kwanza kuna ushuru wa bidhaa, ambao huduma za simu na intaneti pia zimetiwa ndani yake: asilimia 15. Ulipanda hadi asilimia 20 mwaka 2021, kisha ukarudi 15 mwaka 2023. Juu yake huja VAT, yaani ushuru wa thamani iliyoongezwa, ya asilimia 16. Wengi hujumlisha 15 na 16 wakapata 31. Hapo wanakosea, kwa sababu VAT hukokotolewa juu ya bei pamoja na ule ushuru wa kwanza. Ushuru unatozwa ushuru. Zidisha 1.15 kwa 1.16 upate 1.334, yaani nyongeza ya asilimia 33.4 juu ya bei ya kampuni.

Ukitaka kujua umelipa kiasi gani, gawanya bei uliyolipa kwa 1.334. Bando la shilingi 100 lina data ya shilingi 74.96, ushuru wa bidhaa 11.24 na VAT 13.79. Kwa bando la shilingi 20, shilingi 5 zimekwenda serikalini.

Sasa chukua tikiti ya sinema ya shilingi 800, kwa mfano. Kwa upande wa serikali kuu, mnunuzi wake analipa VAT peke yake, shilingi 110.34, ambayo ni chini kidogo ya shilingi 14 katika kila 100. Kijana wa Mishomoroni anayetazama filamu kwa kioo cha simu anatoa 25 katika kila 100 ya data yake. Akiwa amejisajili kwa mtandao wa filamu wa ng'ambo, VAT imo katika malipo hayo pia, kwa sababu kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali Kenya zinatakiwa kuitoza. Na kuna la tatu ambalo watu hulisahau. Ushuru hufuata bei, na kuna mabando madogo ambayo megabaiti yake moja ni ghali kuliko ya bando kubwa. Hapo anayenunua kidogokidogo ndiye anayelipa ushuru mkubwa zaidi kwa kila megabaiti.

Sababu ya serikali kupenda kutoza simu inaeleweka. Kampuni ni chache, kila shilingi inapita kwenye mitambo yao, na KRA, mamlaka ya kukusanya ushuru, haina mtu wa kufukuzana naye. Lakini wepesi huo unamfaa mkusanyaji. Kwa anayelipa, swali la haki bado liko palepale, na kwa maoni yetu jibu lake ni kwamba mzigo huu umekaa vibaya.

Dhana: Kibanda cha mpira hakilipi ushuru

Ni kweli kwamba VAT haidaiwi kwa mwenye biashara ambaye mauzo yake hayajafika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Kibanda kinachotoza shilingi 50 kingehitaji watu 274 kila siku ya mwaka kufikia hapo. Vibanda vingi havifiki.

Lakini kutosajiliwa VAT hakumaanishi kwamba VAT haikugusi. Mwenye kibanda anailipa ndani ya malipo ya king'amuzi, ndani ya bili ya stima, ndani ya bei ya runinga. Ukumbi mkubwa uliosajiliwa huitoa VAT ya manunuzi yake katika ile inayodaiwa na KRA. Kibanda hakiwezi. VAT hiyo inakuwa gharama yake moja kwa moja, na mwishowe imo katika ile shilingi 50 ya mlangoni.

Halafu kuna ushuru wa mauzo, ule watu huuita TOT. Mauzo yakipita milioni 1 kwa mwaka, hadi milioni 25, hutozwa asilimia 3. Watu 60 kwa siku kwa shilingi 50 ni shilingi 3,000. Kwa siku 365 ni 1,095,000, na TOT yake ni 32,850. Hutozwa juu ya mauzo yote, bila kutoa kodi ya nyumba wala mshahara wa kijana wa mlangoni. Hata mwezi wa hasara hulipiwa. Ripoti na malipo hutakiwa kufika kupitia iTax, tovuti ya KRA, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kinachowaponza wengi ni kudhani kwamba mwezi ambao ligi zimefungwa hauna haja ya kuripotiwa. Una haja. Andika sufuri, lakini tuma.

Dhana: VAT ya tikiti ya 1,000 ni 160

Ikiwa bei iliyochapishwa ni ya mwisho, VAT ni 1,000 mara 16 gawanya kwa 116: shilingi 137.93. Mwandaaji wa usiku wa taarabu aliyeuza tikiti 500 na kutenga 160 kwa kila moja amejinyima zaidi ya shilingi 11,000. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kusahau VAT kabisa wakati wa kupanga bei, kisha kuitafuta mfukoni mwako baada ya waimbaji na vyombo kulipwa.

Na si kila onyesho linatozwa. Michezo ya kuigiza ya taasisi za elimu iliyoidhinishwa na wizara kuwa sehemu ya masomo haina VAT, vivyo hivyo maonyesho ya utamaduni na michezo iliyo chini ya wizara husika. Shule isiyoomba barua ya idhini mapema inaweza kujikuta ikiwatoza wazazi VAT ambayo ingeepukika.

Dhana: Pesa hizi huwafikia wasanii

Hazifiki moja kwa moja. VAT na ushuru wa bidhaa huingia katika mfuko mkuu wa serikali, na za kaunti huingia katika mfuko wa mapato ya kaunti. Msanii hulipwa kwa mrabaha, unaokusanywa na mashirika ya hakimiliki kwa leseni ya kucheza muziki hadharani. Leseni hiyo ni malipo ya kutumia mali ya mtu, kwa hiyo ukiiita ushuru unamkosea mtunzi. Mfano wa tozo lenye njia yake maalum ni lile la utalii, asilimia 2 ya mauzo ya hoteli na mikahawa, linalokwenda kwa Hazina ya Utalii.

Dhana: Ukipandisha ushuru wa kubeti, watu wataacha

Tangu 2019 kiwango kimeyumba kama ngalawa. Kilianza asilimia 20 ya kila dau, kikafutwa 2020, kikarudi 7.5 mwaka 2021, kikawa 12.5 mwaka 2023 na 15 Desemba 2024. Tangu Julai 2025 ni asilimia 5 ya pesa unazoweka kwenye akaunti ya kubetia, na asilimia 5 nyingine ya unazotoa. Weka 200, unabaki na 190. Toa 500, unapokea 475.

Badiliko hili lina uzito kuliko kiwango chenyewe. Zamani kila dau lilikatwa, hata pesa zilezile zikizunguka mara tano. Sasa hukatwa mlangoni tu, kuingia na kutoka, na anayezungusha pesa humohumo ndani hasumbuliwi. Kwa upande mwingine, aliyepoteza 10,000 kwa mwezi mzima bado hukatwa anapotoa 1,000 ya mwisho, ingawa zamani kilichokatwa ni faida ya ushindi.

Wengi hawaachi; umbo la ushuru huwaelekeza tu kwingine. Marekani mwaka 1944 ilitoza kumbi zenye kuimba au kucheza dansi asilimia 30, ikashuka hadi 20 mwaka huohuo. Muziki wa vyombo vitupu haukutozwa, na kumbi nyingi zikapiga marufuku dansi. Uganda mwaka 2018 ilitoza shilingi zake 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Watu wakakimbilia VPN, programu za kuficha unachofanya mtandaoni, na mwaka 2021 tozo likaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na asilimia 12 juu ya data.

Dhana: Kaunti haina uwezo wa kutoza burudani, au inaweza kutoza itakavyo

Zote mbili si kweli. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa kaunti ushuru wa burudani na wa majengo. VAT, ushuru wa bidhaa, wa mapato na wa forodha ni vya serikali kuu peke yake. Lakini kifungu cha 210 kinakataza ushuru au ada yoyote isiyo na sheria nyuma yake. Afisa akija mlangoni na daftari la risiti, muulize ni kipengele gani cha Sheria ya Fedha ya Kaunti, na ulipe kwa njia rasmi tu.

Hatari ya ngazi hii ni ada ya mkupuo, yaani kiasi kilekile kwa mdogo na mkubwa. Chukua mfano wa shilingi 6,000 kwa mwaka kwa kila ukumbi: mwenye mauzo ya 200,000 anatoa asilimia 3, mwenye milioni 6 anatoa asilimia 0.1. Hapa mwananchi ana nafasi ya kusikika, kwa sababu Mswada wa Fedha wa Kaunti hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya bajeti, kwa kawaida kati ya Julai na Septemba, na ni lazima maoni ya watu yachukuliwe. Maoni ya kwamba ada ni ghali hayamsaidii mjumbe wa bunge la kaunti. Taja nambari ya kipengele, ada iliyopendekezwa, idadi ya viti vyako na mauzo ya siku ya kawaida, kisha andika kiwango unachokitaka kwa kila kiti. Peleka nakala mbili, na ile moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yako.